Mama, Pima Kwanza

Nyumbani kwetu Katindo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna maneno matatu ambayo watoto wangu wana ruhusa ya kuniambia hata nikiwa nimefura kwa hasira: "Mama, pima kwanza." Kwa desturi zetu mtoto hamkatizi mama yake anayefoka. Ruhusa hiyo niliitoa mwenyewe, sebuleni, baba yao akiwa amekaa pale, na niliitoa kwa kuchelewa. Binti yangu wa kwanza alikuwa tayari ana miaka 19.

Nimezaliwa 1977, mwaka ambao volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka mwezi wa Januari na lava ikateremka kwa mbio ambazo miguu ya watu haikuziweza. Marehemu mama yangu alipenda kusema kwamba mlima ulinigawia kipande chake. Utotoni nilipigana na wavulana. Nilipokuwa msichana niliwajibu wakubwa. Nilipoanza kufundisha, wanafunzi wakanibandika jina la volkano, wakidhani silijui. Niliona ndiyo tabia yangu, ndivyo Mungu alivyoniumba, na anayenipenda anichukue hivyohivyo. Kwa hiyo 2014, nilipoambiwa nina kisukari cha aina ya pili, haikunijia hata mara moja kwamba ukali wangu na sukari yangu vinaweza kuwa vinajuana.

Na kazi yangu ni kufundisha biolojia. Kongosho, kiungo kinachotoa insulini, naweza kuichora ubaoni nimefumba macho. Insulini inayoshusha sukari ya damu, glukagoni inayoipandisha, adrenalini ya hofu na hasira, nimewaeleza watoto wa watu miaka zaidi ya ishirini, nikiwasahihisha kwa kalamu nyekundu wanapokosea.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa 2018, saa ya nne ya masomo, karibu saa tano na nusu asubuhi. Wakati ule nilikuwa natumia vidonge viwili vya kisukari, metformini na glibenklamidi. Asubuhi nilimeza vyote, nikanywa chai kavu, nikaenda shuleni. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nisipokula asubuhi, namba itakuwa nzuri, na daktari atafurahi. Darasani kulikuwa na kijana mmoja wa benchi la tatu, mtoto mtulivu, mwandiko wake mzuri kama wa sista. Alicheka na mwenzake. Kicheko kidogo tu, nusu dakika. Nikaenda mpaka kwenye benchi lake, nikachukua daftari lake la biolojia, maandishi ya mwaka mzima, nikalichana vipande viwili mbele ya wenzake.

Nakumbuka sauti ya karatasi. Nakumbuka pia kwamba niliporudi ubaoni, chaki ilinidondoka mara mbili, shingo yangu ilikuwa imelowa jasho, na maneno niliyokuwa nimeandika mwenyewe nilishindwa kuyasoma. Nilidhani ni hasira. Mwalimu mwenzangu aliyepita kwenye korido aliniona, akanishika mkono kama mtu anayemshika mgonjwa, akanipeleka ofisini. Katibu akanipa Fanta yake. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, wakaniletea muuguzi na mashini yake. Sukari ilikuwa 52.

Kwa asiyezoea namba hizi: hapa kwetu tunapima kwa miligramu katika desilita moja ya damu. Ikiwa chini ya 70, sukari imeshuka na inabidi kufanya kitu papo hapo. Mimi nilikuwa 52, na vidonge vyangu bado vilikuwa vinaendelea kuisukuma chini, kwa sababu glibenklamidi inaikamua kongosho itoe insulini hata kama tumboni hamna kitu.

Baada ya robo saa Fanta ikaanza kufanya kazi. Yule mama aliyechana daftari akaondoka, nikabaki mimi, nimekaa kwenye kiti cha katibu, nalia kwa aibu. Sikurudi darasani siku ile. Kesho yake nilirudi, na sikumwomba kijana yule msamaha. Mwalimu haombi msamaha mbele ya darasa, ndivyo nilivyofikiri. Nilimnunulia daftari jipya, nikamwekea mezani bila neno. Akaanza kunakili upya kutoka kwa wenzake, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko uleule.

Kilichotokea mwilini mwangu nilikuwa nakifundisha kila mwaka. Ubongo unaishi kwa sukari. Ikipungua, mwili unapiga kengele: adrenalini na glukagoni zinamwagwa kwenye damu ili ini lifungue ghala lake. Adrenalini hiyo ndiyo ileile inayokuja mtu akitukanwa. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linatoka, na ubongo wenye njaa hauna nguvu ya kuvumilia kitu. Ukiwa umezoea kuitwa mkali, unatafuta tu nani amekukosea. Na hapo benchi la tatu kijana amecheka.

Nilianza kurudi nyuma kwa mawazo. Ugomvi na mume wangu: mara nyingi kabla ya chakula cha mchana siku za Jumamosi, tukitoka sokoni Virunga. Vibao nilivyowapiga watoto: saa zile zile. Sisemi kwamba hasira yangu yote ilikuwa sukari. Nilikuwa mkali kabla ya kisukari, na mama yangu hakudanganya. Lakini kwa miaka minne kulikuwa na ukali mwingine uliovaa sura ya ukali wangu wa zamani, na hakuna aliyeutofautisha, hata mimi niliyekuwa naubeba.

Daktari alinipunguzia glibenklamidi na kunikataza kabisa kuimeza bila kula. Nilidhani nimemaliza somo. Nilikuwa nimejifunza nusu yake.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, anga juu ya Nyiragongo ikawa nyekundu. Usiku ule tulikaa nje na virago vyetu, tunaangalia. Lava ikasimama pembeni mwa mji, tukamshukuru Mungu, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku nzima na usiku kucha, kuta zikipasuka, watoto hawataki kulala ndani. Alhamisi tarehe 27, alfajiri, amri ikatolewa kwamba mitaa kadhaa ya Goma ihame. Wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Sisi tulishika barabara ya Sake kwa miguu, kilomita kama 25, pamoja na watu wote wa dunia hii: magodoro kichwani, mbuzi, tshukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zimejaa masufuria, wazee wamebebwa mgongoni.

Vidonge vyangu nilivichukua, navyo nilivimeza kama nilivyoelekezwa. Chakula siku ile: nusu ya mkate. Na nilitembea kutwa. Mwalimu wa biolojia akawa anapiga hesabu njiani: kutembea kunashusha, njaa inashusha, dawa inashusha. Nilikuwa na vipande vya sukari mfukoni, nikiogopa 52 nyingine.

Usiku tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Asubuhi kulikuwa na muuguzi aliyejitolea, yeye mwenyewe mkimbizi kama sisi, akipima watu chini ya mti. Akanichoma kidole. 341.

"Mama, umekula nini?"

"Sijakula kitu."

Akanitazama. Kila mwenye kisukari anayajua macho hayo. Kisha akaona mikono yangu, akauliza nilikuwa nashika nini. Nilikuwa nimemenyea mtoto wangu mdogo ndizi mbivu dakika chache kabla. Akanimiminia maji ya bidoni kidogo kwa sabuni, nikanawa, nikajikausha kwa kanga, akanipima tena kwenye kidole kingine. Utamu wa ndizi kwenye ngozi unaweza kudanganya mashini, na tangu siku hiyo sipimi bila kunawa. Lakini hata baada ya kunawa, namba ilikuwa 298.

Nilikaa chini ya mti ule muda mrefu. Mtu anatembea kutwa na njaa, amemeza dawa, anaamka na 298. Sukari imetoka wapi? Jibu nililijua kwa chaki. Katika karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba ini lenyewe linatengeneza sukari na kuiachia katika damu. Mwaka 1849 alimchoma sungura sindano mahali fulani chini ya ubongo, na sukari ya sungura ikapanda hadi ikatoka kwenye mkojo, bila mnyama kula chochote. Ubongo ulisema, ini likatii. Baadaye Mmarekani Walter Cannon alipima mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya mpira ya chuo kikuu cha Harvard, mwaka 1913, mara tu baada ya mechi kubwa ya mwisho wa msimu. Kumi na wawili walikuwa na sukari kwenye mkojo. Na watano kati ya hao walikuwa wachezaji wa akiba, hawakuingia uwanjani hata dakika moja. Walikaa kwenye benchi wakiangalia. Walikuwa vijana wazima, bila kisukari. Moyo tu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi siku tano, naangalia mlima.

Mwili ukiogopa, unajiandaa kukimbia au kupigana, na kwa kazi hiyo unataka nishati ya haraka. Adrenalini inaliamuru ini. Kotisoli, ambayo inakuja polepole na kukaa saa nyingi, inafanya insulini isisikilizwe vizuri. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho inajibu, na mambo yanatulia. Kwetu sisi jibu ni dhaifu au halipo, na sukari iliyoitwa kwa ajili ya simba inabaki inazunguka, simba hayupo. Ongeza usingizi uliokosekana na maji tuliyokunywa kidogo ili yawatoshe watoto, utaipata 298 bila mandazi hata moja.

Miezi michache kabla ya hapo, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, daktari alikuwa amenigombeza kwa sababu ya namba kama hizo. Nilikuwa nimemzika kaka yangu wiki mbili kabla. Alisema ninakula vitu vitamu kwa siri na kumpotezea muda. Nilitoka pale bila kubisha, mimi ninayebisha na kila mtu, na sikurudi hospitali yoyote kwa miezi minne. Simtaji ili kumlipiza. Namtaja kwa sababu angeuliza swali moja tu, "Mama, kuna nini nyumbani?", ningemwambia.

Tuliporudi Goma nikanunua daftari la shule, la kurasa 48, nikalichora mistari: tarehe, saa, nilichokula, namba. Hayo ndiyo ya kawaida. Nikaongeza safu ya mwisho na juu yake nikaandika: Moyo. Nilijilazimisha kuandika neno moja au mawili kabla ya kuchoma kidole, ili namba isinifundishe la kuandika. "Hasira." "Mshahara haujaja." "Niko sawa." "Hasira, sijui ya nini."

Hilo la mwisho ndilo lililonipa hazina. Baada ya miezi mitatu niliona kwamba hasira yenye jina, ile ninayoweza kusema ni ya nani na kwa nini, kwangu karibu kila mara ilikuwa na namba ya juu: 210, 240. Hasira isiyo na jina, inayoruka kutoka kwa mtoto hadi kwa sufuria hadi kwa serikali, mara nyingi ilikuwa chini ya 75. Zote mbili zilikuwa na mikono ileile inayotetemeka. Na dawa zake zinapingana kabisa. Ya kwanza inataka maji, kutembea, kunyamaza, labda kumwendea mtu tuzungumze. Ya pili inataka sukari sasa hivi. Mtu akikosea, akampa chai ya sukari yule aliye na 240, amemwongezea. Akimwambia aliye na 55 "tulia, Mama, nenda ukalale", anaweza kumuua.

Hapo ndipo nilipowaita watoto sebuleni. Nilitaka maneno mafupi ambayo hata mdogo angeyakumbuka.

Mume wangu aliogopa kwamba watayatumia kunikimbia wakikosea. Wiki za kwanza walijaribu. Lakini kupima kunachukua dakika moja, na nikirudi na 118, kosa liko palepale linanisubiri, nami nina kichwa kizima cha kulishughulikia. Wakaacha wenyewe.

Kliniki tunakochukua dawa tuna kikundi kidogo. Tunakutana mara moja kwa mwezi, watu kumi, kumi na watano. Humo nimejifunza kwamba tabia ya mtu inafika kwenye damu kwa njia nyingi, na ukali ni mojawapo tu.

Kuna papa mmoja, yaani mzee wa heshima, karani mstaafu, mtu wa adabu sana, shati limepigwa pasi hata wakati maji hayapo. Daftari lake lilikuwa la kuonewa wivu: 110, 114, 108, 112. Daktari alikuwa akilinyanyua tulione. Siku moja wakamfanyia kile kipimo cha damu cha miezi mitatu, hemoglobini iliyoshikwa na sukari, na jibu lilikuwa baya kuliko la wote. Kipimo hicho hakidanganywi kirahisi, kwa sababu chembe nyekundu ya damu inaishi siku kama 120 na inabeba alama ya sukari yote iliyopita. Papa alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anaandika namba ambazo zingempendeza daktari. Kazi yake maisha yote ilikuwa kuwapelekea wakubwa karatasi safi. Wema ule ule uliomfanya apendwe kazini ulikuwa unamharibu macho. Daktari huyu, tofauti na yule wangu, alivuta kiti akakaa karibu naye, akamwambia: "Papa, niletee namba mbaya. Hizo ndizo ninazoweza kuzitibu." Nilitamani kumkumbatia.

Murumuna wangu, mdogo wangu anayeishi Bukavu, naye ana kisukari. Yeye ni kinyume changu, sauti ya chini, uso wa tabasamu, hajawahi kugombana na mawifi zake miaka ishirini. Watu wanasema mimi ndiye nitakayekufa kwa sukari, yeye moyo wake ni mtulivu. Sukari yake ni mbaya kuliko yangu. Nilipokwenda kumtembelea nikalala naye chumba kimoja, nikamsikia usiku, saa nane, saa tisa, anageuka, anapumua, anaamka kukaa. Hasira yake haitoki mdomoni, lakini ini linaisikia. Na mchana, wifi akileta soda na mkate mtamu, anakula, kwa sababu kukataa ni kumdharau mgeni na yeye hawezi kumuumiza mtu. Mimi ningekataa, tena kwa kelele. Kwa hilo ukali umenisaidia, lazima niseme ukweli.

Kuna pia kijana wa insulini, aina ya kwanza, ambaye zamani aliwahi kuanguka barabarani kwa sukari kushuka. Tangu siku hiyo anakula kila saa ili asianguke tena, na hayuko kamwe chini ya 200. Hofu yake ninaielewa kabisa. Ni hofu ya mtu aliyeamka akiwa amezungukwa na wapita njia wanaosema amelewa.

Kanisani wapo waliomwambia atupe sindano aombe tu. Mimi ni mtu wa maombi, na nimeona kwenye daftari langu kwamba asubuhi nilizoanza kwa maombi ya taratibu namba inatulia. Lakini kijana huyu kongosho yake haitoi insulini, na bila sindano siku zake zinahesabika. Nilisimama katikati ya mkutano nikalisema hilo, na safari hiyo nilikuwa nimepima kabla: 126. Hasira ilikuwa yangu, nzima, na ilikuwa na haki.

Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mjini. Walioishi Goma siku zile hawahitaji kuelezwa, na wengine sijui kama ningeweza kuwaeleza. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika. Tulilala kwenye korido, sote saba, kwa sababu ndiyo sehemu isiyo na dirisha. Magodoro tuliyaegemeza ukutani. Bandeleti za kupimia zilikuwa zimebaki tisa, na duka la dawa hakuna anayeweza kulifikia.

Usiku wa pili tulikula uji mwepesi, kikombe kimoja kila mtu. Nilikuwa nimemeza kidonge jioni, kabla sijajua kwamba uji ndio chakula chote. Saa sita usiku milio ikazidi. Nilianza kutetemeka. Meno yaligongana. Jasho likanilowesha kitenge hadi kiunoni. Nilijua ni nini: ni woga, na kila mtu katika korido ile alikuwa anatetemeka, mume wangu akiwemo. Nilianza kuwagombeza watoto kwa sauti ya chini kwamba wanasukumana.

Binti yangu mkubwa alikuwa karibu yangu gizani. Akasema, "Mama, pima kwanza."

Nikamwambia ni woga tu. Nikamwambia bandeleti ni tisa. Nikamwambia, nakumbuka, asinifundishe mwili wangu.

"Mama. Pima kwanza."

Akawasha simu, mwanga akaufunika kwa kiganja ili usionekane nje. Maji ya kunawa hayakuwepo, akanifuta kidole kwa ncha ya kitenge chake iliyolowekwa mate, kisha akakamua tone la kwanza akalifuta, akatumia la pili. Mkono wangu ulikuwa unaruka, akaubana kati ya magoti yake. Tone likagusa bandeleti. Mashini ikahesabu sekunde zake tano, nje kitu kikalipuka upande wa uwanja wa ndege, na namba ikatokea: 58.

Vijiko vinne vya chai vya sukari katika kikombe cha maji ya baridi. Akanishikia kikombe. Tukasubiri robo saa, kama inavyotakiwa, akapima tena: 83. Akanipa biskuti alizokuwa amemfichia mdogo wake. Milio iliendelea mpaka asubuhi na niliendelea kuogopa, lakini kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Ningelala na woga wangu usiku ule, sidhani kama wangeniamsha.

Benki zilifungwa, mishahara ikakwama, na mawazo yakawa chakula cha kila siku. Namba zangu za asubuhi kwa miezi ile zilikuwa 190, 205, 188. Nilizipeleka kwa daktari jinsi zilivyo, pamoja na safu ya Moyo. Aliisoma yote kabla ya kugusa karatasi ya dawa. Aliniondolea glibenklamidi kabisa, kwa sababu mtu asiye na uhakika wa chakula hafai kuwa na dawa inayodai chakula. Kwa huzuni yenyewe alinielekeza kwa mama mmoja mshauri pale kliniki, ambaye kazi yake ni kusikiliza. Nilikwenda mara sita. Mara mbili za kwanza sikusema kitu cha maana. Ya tatu nilizungumza juu ya kaka yangu, na ya nne juu ya daftari lililochanwa.

Sasa bandeleti ninazinunua chache chache. Siwezi kupima mara nyingi kama vitabu vinavyotaka, kwa hiyo nimechagua: asubuhi mara tatu kwa wiki, na kila mara hasira inaponijia bila jina. Darasani nina biskuti kwenye mkoba. Kabla ya saa ya nne nakula kitu, wanafunzi wakiniona, nami nimewaeleza kwa nini. Mmoja wao mama yake ana ugonjwa huu. Alibaki baada ya kengele, akaniuliza maswali mengi kwa sauti ya chini.

Mwezi wa Agosti nilikuwa natoka Birere na mzigo, nikasimamisha pikipiki. Dereva akavua kofia yake ya chuma. Alikuwa yule wa benchi la tatu, amekuwa mwanaume, ndevu zimeota. Nilipanda, na tulipofika mahali penye utulivu nikamwomba asimame. Nikashuka. Nilimwambia pale kando ya barabara yale niliyopaswa kumwambia mwaka 2018, mbele ya darasa: kwamba hakukosa, kwamba nilikuwa mgonjwa na sikujua, na kwamba hata ugonjwa haukunilazimisha kukaa kimya miaka saba.

Alitazama chini kwa muda.

"Madamu, sisi tulijua," akasema. "Saa ya nne tulikuwa tunaambiana, tukae kimya, Madamu hajakula."

Kisha akaniuliza kama leo nimekula. Nikamwambia bado. Akaupanga mzigo wangu vizuri, tukaenda polepole mpaka kwa mama anayechoma mahindi karibu na barabara ya Katindo, akazima pikipiki, akaagiza mawili.